Kidole cha Majivu

Buyende, mita kumi na nne chini,
keekee ilitoa udongo mwekundu, kisha mweusi,
kisha utepe wa kijivu
mwembamba kama kidole changu cha mwisho.
Mhandisi Tibenkana akauonja kwa ulimi. "Majivu."
Ya mlima gani? Hakujua.
Mlima uliokohoa
kabla hatujawa na jina la kuuita.

Akapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara:
mara moja katika miaka elfu kumi.
Naigaga, anayetuletea mihogo, akauliza
sasa tuko mwaka wa ngapi.

Hakuna aliyecheka.

Nilidhani mtambo huzimwa kama taa.
Kumbe nyuklia ni mafiga:
uji umeshaepuliwa, kuni zimeondolewa,
nayo bado yanaunguza mkono wa mtoto,
bado yanadai maji, siku kwa siku, maji.
Na maji ni Kyoga.
Kyoga likigeuka uji wa kijivu
pampu itakunywa nini?

Jioni tulifukia shimo.
Kipande kile nimekihifadhi katika kopo la siagi, dirishani.
Kila asubuhi nakuta vumbi juu ya kifuniko.
Nalipangusa kwa kidole,
kisha nakitazama kidole.