Sanduku la Misumari

Daktari pale Tagbilaran, kijana, kucha safi,
aliisoma karatasi ya damu yangu kama hati ya mashtaka.
Sukari imepanda, Mang Hermogenes.
Nikamjibu: imepanda kwa kuwa bei yake imeshuka.
Hakucheka. Teofila alicheka,
halafu basi lilipovuka daraja la Loboc akanyamaza
hadi nyumbani.

Jioni ile akazitoa kabatini zile pakiti nyekundu,
kumi na saba, unga wa rangi ya udongo
ambamo kakao ilibisha hodi tu, ikaenda zake.
Akampa jirani, mwenye watoto sita na meno machache.
"Utajitengenezea," akasema,
akaninyooshea mikono: vifundo vya vidole vimevimba
kama tangawizi.
Miaka arobaini na moja alinipikia sikwate alfajiri,
nami nikadhani povu hujileta lenyewe.

Basi. Mbegu za mti ulio nyuma ya choo,
zimevundikwa siku sita chini ya majani ya mgomba,
zimekaushwa juu ya paa pamoja na soksi zangu.
Kikaango cha chuma, moto mdogo,
na usiondoke.
Niliondoka. Kulikuwa na masumbwi redioni.
Zikaungua upande mmoja, nikazika ushahidi.

Mara ya pili nilisimama kama mlinzi wa benki.
Zikaanza kualika, tak, tak,
na harufu ikaja kwa zamu: mkate,
kisha siki,
kisha kitu ambacho sina jina lake,
kitu cha ndani ya kofia ya baba.

Zimenye zikiwa moto, la sivyo ganda hugoma.
Pepeta. Makapi yaende kwenye vyungu vya okidi.
Kinu cha mahindi, cha mkono: mwanzoni kinanung'unika,
kinatema vumbi kavu, unakata tamaa,
mara mafuta yanaachia
na uji mweusi unateremka unang'aa, polepole, bila haraka ya mtu.
Karanga kiganja kimoja. Finyanga vidonge
kwa kifuniko cha chupa. Viache vigande.

Asubuhi: maji, si maziwa ya kopo.
Vidonge viwili. Chumvi ya kubanwa na vidole viwili.
Ndizi iliyokwisha kuwa nyeusi, iliyopondwa,
nusu,
Teofila anahesabu.

Halafu upekecho.
Niliuchonga mwenyewe, mti wa mfenesi,
mwaka tulipooana. Nilijisifia shingo yake,
zile pete tatu, meno yake yaliyolingana.
Nilikuwa seremala, nilijua kila kitu juu yake
isipokuwa uzito wake saa kumi na moja alfajiri.
Nikauweka kati ya viganja, nikapekecha.
Bega likalalamika. Nikapekecha.
Ukiona vyaelea, watu husema, vimeundwa.
Mimi niliviona vikielea miaka arobaini na moja
na fundi nilimgeuzia kisogo, nikiomba kikombe cha pili.

Povu likapanda, likakaa.

Chungu, sitadanganya.
Funda la kwanza lilinikunja uso.
La pili likapita na karanga.
La tatu, kwa mbali sana, ndizi,
kama mtu anayeimba chumba cha tatu.
Teofila akaonja. "Umeunguza," akasema.
Akasukuma kikombe mbele, kijazwe tena,
na kiazi kikuu cha zambarau akanimegea kilicho kidogo.

Sasa ni mwezi wa nne. Karatasi ya damu
imepunguza ukali, haijaniachia huru.
Na kwa kuwa naungama:
ndani ya sanduku la misumari, chini ya zile za inchi tatu,
nimeficha kipande cha sukari guru.
Nakilamba Jumapili, baada ya misa, mara moja tu.
Sisimizi wanajua.
Lakini kila Jumapili nakikuta kimepungua
kuliko nilivyokiacha,
na juu yake, alama ndogo za meno
ambazo si za sisimizi.