Upepo wa Kurudi

Aldershot, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia.
Namtia Bi Dilmaya miguu katika beseni la maji vuguvugu
naye ananiuliza lile lile la jana:
kutoka Katmandu hadi Hong Kong, ni mbali?

Sijafika huko wala huko.
Mimi ni mtu wa Korogwe, nalipwa kwa saa,
kuogesha, kulisha, kujaza daftari la kampuni:
amekula nini, ameenda choo mara ngapi.
Mama yangu haulizi umbali. Huuliza lini.

Leo nimetoa simu, vidole bado vina povu.
Kilomita elfu mbili mia tisa na ushei, namwambia.
Kwa ndege, saa nne na nusu.

Mguu mmoja ukabaki hewani,
kama wa mtu aliyekosa ngazi.
Saa nne?
Kwetu saa nne ni chai tu,
watu wanaweka kalamu chini, wanaulizia maandazi.

Ndipo akanieleza, kwa Kiingereza chetu cha kuazima,
kwamba Purna alikuwa askari huko,
likizo mara moja kwa miaka mitatu,
na kila barua ilisema: ni mbali mno, mke wangu, mbali mno.
Mtoto wao wa kwanza
alizaliwa na kuzikwa kati ya barua mbili.
"Saa nne na nusu," akasema.
"Ningeinjika dengu, angeikuta ya moto."

Akaniomba niigeuze picha yake ukutani.
Nikaigeuza, medali, kofia ya upande na yote.
Hilo sikuliandika daftarini.

Kesho yake ukuta ulikuwa bado na mgongo wa fremu,
msumari, uzi, vumbi la miaka.
Maji, sabuni, taulo begani.
"Na kurudi?"

Nikatazama tena.
Kurudi ni zaidi, Bibi. Saa tano na dakika zake.
"Njia nyingine?"
Ile ile. Ila huko juu upepo unatoka magharibi.
Kwenda unaisukuma ndege,
kurudi unaikaba kifuani.

Nikamkausha katikati ya vidole, kimoja kimoja,
kile kidogo kilichopinda nikakichelewesha.
Redio ya jirani ilisoma matokeo ya mpira
hadi timu za madaraja ya chini kabisa.

"Kwa hiyo kurudi kulikuwa kugumu."

Nami niliyejua kwamba tunazungumzia
dakika arobaini hivi,
muda wa kusubiri basi la kwenda Farnborough Jumapili,
nikasema: kugumu sana.

"Mgeuze," akasema. "Shingo itamuuma."

Nikamgeuza. Nikamfuta kioo kwa ncha ya taulo.
Daftarini nikaandika:
amekula vizuri, miguu imekauka,
hakuna la kuripoti.