Huku Nyekundu Ndiyo Kupanda

Huku Kaohsiung nyekundu ndiyo kupanda,
kijani ndiyo kushuka.
Mgeni hushangilia msiba, akalilia harusi.
Mimi nimezoea. Mwaka wa kumi na tisa huu
niko nyuma ya kioo, dirisha namba nne,
napokea maagizo ya wazee
wasioiamini simu katika jambo la fedha.

Soko hufunguliwa saa tatu.
Saa tatu kasoro robo Bi Tsai Pi-hsia keshaketi,
mstari wa pili, kiti chenye mguu uliofungwa waya,
chupa ya chai mapajani
na daftari la marehemu mumewe.

Mume alikuwa fundi wa mashine za skrubu, Gangshan.
Alinunua hisa za kiwanda chake kidogo kidogo,
kila alipopata bonasi ya mwaka mpya,
na kila aliponunua aliandika sababu.
Si bei. Sababu.
*Kwa kuwa Wajerumani wameongeza oda.*
*Kwa kuwa deni la mashine limekwisha.*
*Kwa kuwa bosi hula nasi, sahani ileile ya bati.*
Na ukurasa wa mwisho, mwandiko umeshaanza kutetemeka:
*Usiuze kwa hofu. Usiuze kwa furaha.
Sababu ikifa, uza.*

Mwezi wa tano hisa ile ilipanda siku sita mfululizo.
Ukuta wote ukawaka kama nguo ya bibi harusi.
Bwana Ou, ambaye hununua chochote kinachokimbia,
akageuka: "Shika, dada! Hii inafika mia!"
Bwana Chiang, aliyewahi kuuza mapema
na kidonda hakijafunga: "Uza leo. Kesho si yako."
Bi Tsai akafungua chupa, akanywa, akafunga.
Dirishani hakuja.

Siku ya saba kiti kilikuwa kitupu.

Siku ya nane alinisimulia, huku akijaza fomu
kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema.
Alipanda treni hadi Gangshan.
Akasimama ng'ambo ya lango, zamu zinapopishana,
akahesabu pikipiki.
Zamani zilifurika hadi ukingo wa mfereji;
jana zilikuwa arobaini na moja.
Mpishi wa kantini akamtambua, akamshika mkono,
akamwambia bosi mpya hula ofisini, chakula cha kuletewa,
na kwamba ule uwanja wa nyuma umeuzwa, yanakuja maghorofa.
"Kumbe kinachopanda ni udongo," Bi Tsai akasema.
"Skrubu hazimo."

Sheria hainiruhusu kushauri. Hunitaka niulize tu:
"Zote, au nusu?"
Swali hili nimeliuliza mara elfu
nikiwaza chakula cha mchana.
Yeye alilitazama
kama mtu aliyeambiwa achague mashati ya marehemu,
yapi yagawiwe.
Nyuma yake foleni ikaanza kukohoa.

"Zote," akasema.
Kisha, "Ngoja."
Kisha akasukuma fomu chini ya kioo
kwa kidole kimoja, kama anayesukuma sahani asiyoimaliza.

Wiki iliyofuata hisa ikapanda tena.
Bwana Ou alicheka hadi akashika kiti.
Hadi leo haijashuka, sitaki kukudanganya.
Bi Tsai bado huja, hukaa palepale,
hutazama ukuta ukiwaka, hunywa chai yake.
Sijaona mkono wake ukitetemeka.

Mimi ninazo za kampuni moja ya meli.
Nilizinunua kileleni; sasa ni kijani, kijani, kijani,
na kila jioni najiambia nitauza zikirudi nilipoanzia,
kana kwamba bei inakumbuka nilipoanzia.
Jana nilinunua daftari la shule, kurasa themanini.
Nikaandika jina la kampuni, nikapiga mstari chini yake.
Nikaandika: *Kwa kuwa*
Nikakaa hapo hadi kelele za jirani zikazima.
Nilipoona aibu imenitosha, nikamalizia:
*shemeji alisema.*