Nyuzi Thelathini na Nane

Miwani ya uhalisia pepe iliwaka, ikamwamkia kwa sauti ya kigeni:
"Tafadhali simama wima. Tazama mbele."
Bibi yangu Barke akacheka mpaka ushungi ukamshuka.
"Iambie," akasema, "nisimame wima kwa mgongo wa nani?"

Kofia mia nne na zaidi zimepita mapajani mwake,
tundu kwa tundu, hapa hapa Langoni,
penye mwanga wa dirisha moja.
Uti ukafuata sindano ilikoelekea.
Mwaka wa kumi na moja huu haoni dari.
Watu wa mtaa anawajua kwa miguu:
"Huyo Shekue, kandambili ya kushoto imelika.
Huyo mke wa Bwanaadi, hina yake ya juzi.
Na punda huyo si wa ndia hii."

Dunia niliyomjengea nilikuwa nimeipima kwa mwili wangu.
Kimo changu, shingo yangu,
nikaandika: sifuri ni hapa,
binadamu wote huanzia hapa.
Basi alipoingia akaona sakafu tu,
sakafu ya chokaa niliyoichora siku sita.
"Nzuri," akasema. "Lakini sakafu n'nayo."

Usiku ule nikatembea ukumbini nimejikunja,
kidevu kifuani, mikono magotini,
nikaugonga mlango kwa utosi.
Robo saa, nikachoka, nikanyooka.
Hapo ndipo aibu iliponishika:
mimi nilikuwa na pa kunyookea.

Nikaufuta mstari ule, ule wa simama wima.
Nikauandika upya, uulize kwanza:
umekaaje?
Usubiri jibu la shingo, hata likichelewa.
Vihisi vikamshika begani na kiunoni, vikanong'onezana hesabu,
skrini ikaleta: nyuzi thelathini na nane.
"Nyuzi?" akashtuka. "Za rangi gani?"
Nikamweleza ni nyuzi za pembe, za kupimia mwinamo.
"Aa. Basi umenipunja. Mimi nimetumia zaidi ya hizo."

Nikaigeuza dunia kwa nyuzi hizo, polepole,
kama mtu anayeinamisha kata kumnywesha mgonjwa.
Ukuta ukashuka. Zidaka zikaja, safu kwa safu,
na sahani za kaure ambazo zilishavunjika zote;
zikaja boriti, akazihesabu kwa sauti,
ishirini na moja, akasema nimekosea, ni ishirini na tatu,
mbili zilioza mwaka wa gharika;
ikaja mbingu.
(Sikuwa nimeimaliza mbingu.
Ilikuwa buluu ya kopo la rangi, haina hata kunguru.)
Akaitazama bila kuinua shingo.
Akaitazama sana. Sikujua alivyokuwa,
maana uso wake siuoni mpaka nichuchumae.

Kisha mkono ukaanza kupapasa hewani, chini,
kama atafutaye sindano iliyodondoka.
"Shamsa. Watu wako wapi?"
Wako mbele yako, bibi. Hizo nyuso zao.
"Nyuso sizijui. Miguu yao umeitia wapi?"

Kweli. Nilikuwa nimemnyoosha kwa siri.

Nimo kazini hadi leo. Mbingu nimeishusha,
imekaa juu kidogo ya vizingiti, ya kuchungulia tu,
na ardhi nimeirudisha, na kandambili, na mavi ya punda,
na ufa wa saruji unaoshika maji mbele ya duka la mafuta ya taa.
Akiinama zaidi, dunia humfuata, haimwambii kitu.
Akichoka akalala ubavu, mtaa mzima hulala ubavu naye,
na Shekue hupita ukutani kama mjusi, wala hashangai.

Ila mguu wake Shekue bado haujanikaa.
Bibi ameukataa mara tatu.
"Kandambili imelika upande wa ndani," asema. "Fumua."