Sindano Kiganjani

Saa tisa usiku, Tromsø, na jua bado liko dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ragnfrid anavuta damu ya trauti namba kumi na nne,
matone manane, mekundu ya kuelekea weusi,
kutoka maji ya nyuzi sita.

Trauti hana sweta wala jasho.
Maji yakipoa, naye hupoa hadi ndani ya mshipa,
na damu baridi hubeba hewa ukaa kimyakimya,
nyingine imeyeyuka, nyingi imejigeuza chumvi,
mpaka matamvuani, ikatua mzigo.
Maji yakipata moto damu huchachuka,
hewa ileile husukumana kutaka kutoka,
soda iliyosahauliwa garini.

Simu inalia. Ni mama yake, yuko Vadsø,
anauliza dawa ya homa iko kabati gani.
Dakika mbili.
Sindano imefumbatwa.

Mashine inasoma. Namba imeruka.
Anatazama tangi: trauti yuko vilevile,
anafungua mdomo, anafunga.
Anatazama kiganja chake,
chekundu, chenye mstari wa kioo.

Daftarini, kwa penseli:
sampuli imeharibika.
Kiangazi ni mimi.