Dafu

Nimelichagua mwenyewe pale Makupa,
nimeligonga kwa kidole, nimeyasikiliza maji yake,
nikamwambia muuzaji: toboa juu tu, kidogo, ni la mgonjwa.
Nikapanda nalo ngazi, mkono mmoja dafu, mmoja buibui,
lisimwagike hata tone.

Muuguzi akanisimamisha mlangoni. Kadzo, jina lake kifuani.
"Mama, hilo haliingii."
Hili ni dafu, nikamwambia, si kombe la mganga.
Marehemu mamangu akitutibu nalo:
mkojo wa moto, dafu; homa, dafu;
mja mzito atapikaye, dafu.
"Lina potasiamu. Ya Swabir asubuhi hii ni sita na nusu.
Ikipanda tena, moyo utasimama."

Sita na nusu.
Mimi nauza mbaazi Mwembe Tayari mwaka wa ishirini na moja,
chumvi naipima kwa vidole vitatu.
Nani alijua damu nayo ina chumvi zake,
na iko mashine ya kuzionja?

Ijumaa aliaga: Mtwapa, arusi ya rafiki.
Haikuwa arusi.
Kidonge kimoja, rangi ya waridi, kimechorwa nyota
(kimoja, asema Famau aliyemleta;
macho ya Famau yasema vitatu),
kisha muziki tangu isha hadi alfajiri,
mwili unawaka, yeye hasikii kiu,
hasikii kuchoka, hasikii miguu.
Jumamosi alilala. Jumapili akaniita chooni,
mtoto ambaye tangu miaka saba hanioneshi hata goti.
"Mama, tazama."
Nikatazama.
Kahawa. Kahawa tungu, isiyo tangawizi.

Daktari, kijana wa Kitaita, macho mekundu kwa kukesha,
alinieleza mara mbili.
Misuli imeyeyuka, imeingia kwenye damu,
damu imezipelekea figo, figo zimeshindwa kuchuja.
Kama kifumbu, nikasema,
ukikitia machicha yote kwa pupa, tui halitoki.
Akanitazama kitambo.
"Ndiyo, mama. Kama kifumbu."

Leo siku ya tisa.
Dafu nimempa askari wa lango, amelinywa kwa mkupuo mmoja,
akafuta mdomo, akaniombea dua.
Ningelimnyima na dua hiyo, kwa hasira, lakini nikaitikia amina.

Nikarudi, nikaketi.
Chini ya kitanda iko chupa ya plastiki yenye mistari.
Kadzo akaiinua dirishani.
"Mililita mia moja na kumi. Jana arobaini."
Na rangi, ewe Mola, rangi:
imetoka kwenye kahawa, imefika chai ya mkandaa.

Hongera, nikamwambia mwanangu.
Akageuza uso ukutani, ndevu na yote,
nami namsifu kama siku ile alipoacha winda.
Kigelegele kilinifika kooni.
Kadzo akanishika bega, akanionesha kwa kidevu
kitanda cha pili, cha tatu, cha dirishani,
chupa zao kavu.

Nikakimeza.