Ulimwengu wa Tatu

Dundee, saa nane za usiku, Februari,
kiwanda cha magunia kisicho na gunia.
Nipo juu ya ngazi, vidole ganzi,
nahesabu: taa mia na sabini kwa kila ulimwengu;
ya mia na sabini na moja yavuka mpaka,
ikaombe namba upya upande wa pili.

Malimwengu sita, ukuta mmoja.
Fergus, chini, uso umepakwa buluu na kompyuta:
"Wa tatu haujibu!"
Nikacheka hata ngazi ikatikisika.
Uliwahi kujibu lini?

Kumbe visanduku viwili vimepewa anwani moja,
kila kimoja kikimtegea mwenzake.
Nikabadili tarakimu. Video ikawaka:
mikono ya Bi Netta Geddes, mfumaji,
miaka themanini na minane,
lakini vidole vimeota begani
na fundo limekatika vipande.
Waya wangu uligeuka kila mwisho wa safu
kama ng'ombe wa kulimia; picha haikuambiwa.
Safu ya pili, geuza. Ya nne. Ya sita.

Hapa ngazini bado ni nukta tu,
nyekundu, kijani, zinaniuma macho.
"Shuka," asema Fergus, "rudi nyuma."
Hatua kumi, hakuna kitu. Ishirini, labda moshi.
Mlangoni, penye upepo wa mto Tay,
mkono ukafunga fundo.

Kesho analetwa mwenyewe, kwa kiti cha magurudumu.
Nimechora alama ya chaki sakafuni
pale mikono inapokuwa mikono.
Pana baridi pale.
Nimeacha blanketi.